Jinsi Tulivyomsindikiza Wilmer Hadi kwa Mama Yake

Usharika wa Malindi,
S.L.P. 117,
Lushoto.

21 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Fanueli,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo huko Edmonton? Wifi yangu Glory mgongo umepona, au bado anainama kwa kushika meza? Na Timotheo bado anakataa ugali? Mwambie shangazi yake anauliza, na kwamba shangazi hajafurahi.

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo anasema yameharibiwa na baridi ya mwaka huu, ingawa baridi ya mwaka huu ni ile ile iliyokuwepo tangu nizaliwe. Viazi vimetoka vizuri. Ng'ombe amezaa dume, tumempa pole.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Lakini unamjua mama na simu. Akiona ni wewe anabonyeza spika, anainyanyua juu ya kichwa, na majirani wote wa bondeni wanajua theluji ya Edmonton imefika kwenye dirisha la ngapi. Ninayotaka kusema leo si ya spika. Nimeandika kwa mkono, na posta ya Lushoto nitakwenda mwenyewe.

Kila Jumapili mama anakuuliza kama utakuja Krismasi hii, nawe unajibu, "Tutaona." Yeye anadhani ni mambo ya kazi. Mimi najua hiyo "tutaona" inanihusu. Mwaka 2016 uliondoka bila mimi kukusindikiza. Nilisema jino linaniuma, nawe ukaamini au ukajifanya umeamini, ukanitumia dawa ya jino kutoka Kanada, chupa mbili na maelekezo. Tangu hapo, miaka tisa, mimi na wewe tunaulizana habari za mvua kama watu waliokutana kwenye benchi la zahanati. Nataka uje, Fanueli. Mama naye anataka, lakini mimi nataka zaidi, na sikujua jinsi ya kulisema mpaka nilipokwenda safari hii. Kwa hiyo vumilia nikusimulie.

Ulisikia kwamba kikundi chetu cha wakulima wa viazi kilialikwa Kolombia, Amerika ya Kusini. Wenyeji wetu ni wakulima kama sisi, wa milimani huko. Tulikwenda wanane. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya Kiingereza changu cha ualimu wa shule ya msingi, ambacho kimestaafu pamoja nami lakini bado kinatembea. Wiki nzima tulikaa mlimani kwenye baridi ile ile, ukungu ule ule na viazi vile vile, hadi Mzee Zabron, mwenyekiti wetu, akasema kwa sauti kwamba angejua angebaki Malindi. Wenyeji wakaona haya. Wakaamua siku mbili za mwisho watupeleke kutembea pwani, kwenye mji unaoitwa Cartagena, kando ya bahari ya Karibi.

Siku ya kusafiri tuliamka saa kumi alfajiri. Marta, yule mke wa Nikodemo fundi cherehani, alikuwa amekwisha kuchemsha viazi vya njiani. Alivichemshia kwenye birika la umeme la nyumba ya wageni, vitatu vitatu, na chai ya asubuhi ile ilikuwa na ladha ya maganda. Akavijaza kwenye hotipoti aliyotoka nayo Malindi, akaifunga kwa kanga, akaipakata kama mtoto.

Uwanja wa ndege hotipoti ikapita kwenye mashine ya kukagua mizigo. Askari akaisimamisha mashine, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mkubwa wao. Tukawekwa pembeni wote wanane. Wakaifungua wakiwa wamevaa glovu, na mvuke ukatoka. Marta alipoona wanaume watatu wameinamia chakula chake, akafanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angelifanya.

"Karibuni," akasema. "Mwalimu, waambie wanawe mikono kwanza."

Nilitafsiri ile nusu ya kwanza tu. Yule mkubwa akachukua kimoja, akala, akasema kitu ambacho nadhani kilihusu chumvi, tukaruhusiwa kupita. Marta alinung'unika hadi kwenye ndege kwamba chumvi ilikuwa ya kutosha.

Silvano, mweka hazina wetu, alikuwa amepanda ndege kadhaa kufika nchi ile, lakini kila ndege inapoanza kukimbia anaomba kwa sauti kana kwamba ndiyo ya kwanza. Aliwaombea rubani na mabawa, kisha akamwombea ng'ombe wake mwenye mimba aliyemwacha nyumbani, kwa jina. Alipomaliza, abiria wa nyuma yetu ambao hawakuelewa hata neno moja wakaitikia amina.

Sasa, unakumbuka ukitoka Lushoto kushuka Mombo, unavyovua sweta kona kwa kona? Ndege haina kona. Mlango ulipofunguliwa Cartagena, joto lote likatuingia kwa mara moja, nasi tumevaa kama watu wanaokwenda kuchimba viazi mwezi wa saba. Mzee Zabron alikuwa na fulana, shati, sweta, na juu yake lile koti lake la harusi ya mwaka sabini na tisa. Nilimsihi avue. Akaniambia mwenyekiti haingii mji wa watu akiwa anavua nguo. Tulipofika kwenye basi jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye soksi, na bado vifungo vyote vya koti vimefungwa.

Hapo ndipo tulipopokewa na Wilmer. Ni kijana mwongoza watalii, rika la mwanangu Wema, mpole, mrefu, na Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, jambo ambalo sikulitangaza. Alitushusha hotelini tukaweka mizigo, kisha akatutembeza mji wa zamani. Marta alikwenda na hotipoti yake, maana hakuwaamini watu wa hoteli.

Mji ni mzuri, sitakudanganya. Nyumba zimepakwa rangi za kila aina, na maua yananing'inia kwenye vibaraza vya juu. Kuna ukuta mnene wa mawe umeuzunguka, uliojengwa enzi hizo kuwazuia maharamia, na unatembea juu yake kama barabarani. Wilmer alitueleza miaka na wafalme. Tulipomaliza kuzunguka, Mzee Zabron aliuliza swali moja: humu ndani ya ukuta walikuwa wanalima wapi? Wilmer alisema hajawahi kuulizwa hivyo tangu aanze kazi, akaliandika kwenye simu yake ili akatafute jibu.

Pale chini muuza maembe mmoja akamwita Marta "mpenzi wangu". Wilmer alifafanua haraka kwamba mji ule kila mtu huitwa hivyo. Marta akasema huyo bwana aambiwe kuwa yeye ni mzee wa kanisa na ana wajukuu tisa. Kisha akanunua maembe mawili, na mchana wote uliobaki nilimwona anarekebisha kilemba.

Saa tisa alasiri Wilmer alitufikisha mlangoni pa hoteli. Akasema kazi yake ya siku ile imekwisha, tupumzike, atatufuata kesho saa tatu asubuhi. Akatupa mkono mmoja mmoja, akageuka, akaondoka zake.

Mzee Zabron akamtazama mgongo. Akafunga hata kile kifungo cha shingoni.

"Jamani," akasema, "mtoto wa watu katutembeza kutwa nzima, halafu tunamwacha mlangoni kama tumemfukuza?"

Hakuna aliyebisha, hata mimi niliyekuwa na malengelenge miguuni. Unajua kwetu. Mtu hasindikizwi kwa macho. Unatoka naye, unatembea naye, na si wewe unayeamua pa kuishia. Anayesindikizwa ndiye husimama, akageuka, akasema, "Basi, rudini." Mpaka aseme hivyo, unatembea. Nilikuwa nimesahau kwamba hilo ni jambo la kwetu. Nilidhani ni jambo la watu wote, kama kupiga chafya.

Kona ya kwanza Wilmer akageuka, akatuona wote wanane nyuma yake. Akatabasamu, nasi tukatabasamu. Kona ya pili akageuka tena, akakuna kichwa, akasimama kidogo, kisha akanyoosha mkono kwenye jengo la manjano na kuanza kutueleza nani alilijenga. Tukasikiliza kwa adabu. Akaenda mbele, nasi tukaenda. Akageuka, akatueleza sanamu.

"Ana mazungumzo mazuri huyu kijana," alisema Marta.

Kumbe maskini alidhani hatujatosheka. Alidhani wazee hawa wametoka mbali na wanataka kuona zaidi, na adabu yake haikumruhusu kutukatalia. Sisi kwa upande wetu adabu yetu haikuturuhusu kumwacha. Tukatoka nje ya ukuta hivyo hivyo, watu tisa wenye adabu. Tulipofika darajani alikuwa ameishiwa majengo, akaanza kutueleza ndege wa majini. Baada ya ndege akatueleza kituo cha mafuta.

Silvano akanisogelea. "Mwalimu, huyu anakaa wilaya nyingine?"

Nilikuwa nimeanza kushuku, nakiri. Lakini utamwulizaje mtu atasema lini "rudini"? Ni sawa na kumwambia umemchoka. Nikachechemea tu.

Tulitembea karibu saa nzima. Mwisho tukaingia mtaa wa nyumba ndogo za bati, na mbele ya nyumba moja ya buluu alikaa mama wa rika langu anaparua samaki kwenye beseni. Huyo ndiye mama yake, Bi Nubia. Akainua macho akamwona mwanawe anarudi kutoka kazini kama kila siku, na nyuma yake wazee wanane wenye masweta, mmoja na koti la harusi, mmoja na hotipoti. Samaki akamponyoka akarudi kwenye beseni.

Wilmer akasema maneno mengi akitikisa mabega. Mzee Zabron hakungoja tafsiri. Akamwendea, akampa mkono, akamwamkia kwa Kishambaa kabisa, "Onga mshi!" na kuendelea na maamkizi yote, ya nyumba, ya watoto, ya shamba. Yule mama akajibu kwa lugha yake, kirefu kuliko alivyoulizwa. Mzee Zabron akatugeukia akasema, "Wako salama."

Basi tukaletewa viti, vingine vya majirani, na majirani wakaja pamoja na viti vyao. Tukapikiwa samaki wa kukaanga, wali wa nazi wa rangi ya kahawia wenye utamu kidogo, na ndizi mbichi zilizopondwa zikakaangwa mara mbili. Marta akafungua hotipoti akaweka viazi vilivyobaki katikati ya meza, akanitazama, nami nikajua sasa tumefika ugenini na hatukuja mikono mitupu. Bi Nubia alionja. Akaleta chumvi.

Tuliposhiba, Wilmer akavuta kiti karibu na mimi akauliza kwa upole sana: "Mwalimu, naomba niambie. Kuna kitu mnataka kutoka kwangu?"

"Tunangoja utuambie turudi," nikasema.

"Mrudi wapi?"

Nikamweleza desturi yote. Alinisikiliza mdomo wazi, kisha akajiinamia akacheka mpaka machozi, akasema kile kituo cha mafuta hajui hata kina miaka mingapi, alibuni. Mzee Zabron alipotafsiriwa alicheka hadi akafungua kifungo kimoja, na huo ndio ushahidi pekee kwamba alikuwa anasikia joto.

Wilmer akamgeukia mama yake amweleze. Yeye hakucheka. Alitazama ukutani palipokuwa na picha ya kijana mwingine, mkubwa wa Wilmer, aliyehamia Hispania. Wilmer akasema siku kaka yake alipoondoka, mama alikwenda naye uwanja wa ndege akasimama kwenye uzio mpaka ndege ikawa haionekani, na hata hapo ilibidi avutwe. Kisha Bi Nubia akaniuliza mimi, na Wilmer akatafsiri: nina mtu wangu aliye mbali?

Nikasema ninaye, mdogo wangu, yuko Kanada.

Akauliza, nilimsindikiza mpaka wapi?

Fanueli, swali lile lilinikuta sina pa kukimbilia. Wenzangu wote wanajua sikukusindikiza. Nikajibu lile jibu nililolijibu miaka tisa, kwa mazoea tu, kwamba siku ile niliugua jino. Wilmer akatafsiri akiwa ameshika shavu. Bi Nubia akasema "ay" ya huruma, akainuka, akaenda jikoni, akarudi na karafuu, akaniwekea moja kiganjani na kunionyesha upande wa kutafunia. Sasa nimepewa dawa ya jino lisilouma kutoka nchi mbili.

Nikaitafuna. Ningefanyaje? Machozi yakanitoka, mengi, na Bi Nubia akanipapasa bega akisema karafuu ni kali lakini inasaidia.

Tulipoaga, yeye naye akajifunga kitambaa kichwani akatoka nasi. Sasa amekwisha kuijua desturi, na hakutaka kushindwa. Alitusindikiza hadi darajani, ameshikana mikono na Marta, kila mmoja akizungumza lugha yake. Pale Mzee Zabron alisimama, akageuka, akavua kofia, akasema kwa Kiswahili, "Basi, mama, rudi." Hakuna aliyetafsiri. Bi Nubia aliinamisha kichwa, akageuka, akarudi. Wilmer ilibidi aendelee nasi kwa sababu hatukuijua njia, na tulipofika hotelini nikamwona Mzee Zabron anapapasa tena kile kifungo cha shingoni.

"Mzee wangu," nikamwambia, "ukifungua mdomo, narudi Lushoto leo hii."

Hiyo ndiyo safari. Sasa ninayotaka kusema.

Jino halikuwa linauma. Nilikuwa na hasira, Fanueli. Nilikubeba mgongoni mama akiwa shambani, nilikufundisha kusoma kabla hujajua kufunga kamba za viatu, halafu habari kwamba unahamia Kanada niliisikia kanisani, kwenye matangazo, katikati ya mnada wa mavuno na kikao cha vijana. Niliona umeniacha na mama na mteremko wote huu bila hata kuniuliza. Iliniuma, na bado inaniuma kidogo, afadhali niseme.

Asubuhi ile nilijifunga kanga shavuni nikasimama nyuma ya banda la ng'ombe. Niliwaona wote. Gari linakwenda polepole mbele, nanyi mnatembea nyuma yake, mama amekushika mkono. Mlipofika njia panda ukasimama, ukageuka. Unajua bonde letu linavyobeba sauti. Nilikusikia waziwazi ukisema, "Basi, rudini." Wakarudi. Lakini wewe hukupanda gari. Ulibaki umesimama unatazama juu, nyumbani, mpaka dereva akapiga honi. Nilijua unayemngoja, na sikutoka.

Mama aliporudi alinikuta naosha vyombo. Kanga ilikuwa imehamia shavu la pili. Aliiona, akanyamaza, na amenyamaza mpaka leo.

Kwetu anayesindikiza harudi mpaka aambiwe. Wengine uliwaambia, wakarudi kwenye viazi vyao. Mimi hukuniambia, maana sikuwepo. Kwa hiyo hii miaka tisa, mdogo wangu, bado niko pale nyuma ya banda.

Nisamehe. Njoo Krismasi, wewe na Glory na mtoto. Nitakuja kuwapokea Mombo, nimevaa sweta nikivua kona kwa kona. Na siku ya kuondoka nitakusindikiza mimi, mbele ya wote, na kama hujasema kitu nitafika Mombo kwa miguu. Utakapokuwa tayari, geuka uniambie nirudi. Nitarudi.

Mume wangu Clemence anakusalimu, na Wema pia. Marta anamsalimu Glory na anauliza kama Kanada viazi vinaruhusiwa kwenye ndege. Mzee Zabron anasema ukija umletee jibu, watu wa mji wenye ukuta walikuwa wanalima wapi, maana Wilmer bado hajampata wa kumwambia. Mama sikumwambia kwamba naandika, lakini sasa hivi amepita hapa, akaitazama karatasi, akaweka karibu yangu kikombe cha chai bila kuuliza.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, awafungulie njia ya kuja na awape joto huko theluji ilikofika dirishani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na mwenye meno yote mazima,

Esteria